Mbegu Iliyo Pia Chakula: Udhibiti wa Mnyauko wa Tangawizi kwa Kuanzia Soko la Kalerwe, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mnyauko unaosababishwa na kuvu unavyoenea katika tangawizi na kwa nini hauponyeki shambani pindi unapokwisha kuingia. Hoja inayotetewa ni kwamba udhibiti wake hutegemea zaidi usafi wa mbegu kuliko dawa, na kwamba soko la chakula, kama lile la Kalerwe, ni soko la mbegu ambalo sera haijalitambua kwa jina hilo. Mifano ya karafuu Zanzibar na kahawa nchini Uganda imetumiwa kuonyesha gharama ya kuchelewa kutambua ugonjwa.

Utangulizi

Soko la Kalerwe liko katika Tarafa ya Kawempe, kaskazini mwa Kampala, kandokando ya barabara iendayo Gayaza na karibu na barabara ya mchepuko wa kaskazini. Malori ya mazao huingia usiku, na kabla ya jua kuchomoza bidhaa huwa zimekwisha kugawanywa kwa wachuuzi: matoke, nyanya, kabichi, vitunguu, na katika vibanda vya viungo, vitunguu saumu, pilipili na magunia ya tangawizi, ambayo kwa Kiganda huitwa ntangawuzi. Mnunuzi wa tangawizi hutazama mambo machache tu. Iwe nzito mkononi, ngozi isikunjamane, isiwe na uozo, na bei iafikike. Hakuna anayeuliza ilitoka shamba gani, wala hana sababu ya kuuliza, kwa kuwa inakwenda kwenye chai au kwenye mchuzi.

Lakini tangawizi ina tabia inayoitofautisha na mazao mengi yaliyoko sokoni humo. Haizai mbegu za kupandwa. Hupandwa kwa tunguu lile lile linaloliwa, likikatwa vipande vyenye jicho moja au mawili. Nyanya iliyouzwa kwa ajili ya mchuzi si rahisi igeuke shamba, ilhali tangawizi iliyouzwa kwa ajili ya chai yaweza kugeuka shamba wiki mbili baadaye, bila mtu yeyote kuifanyia lolote zaidi ya kuiacha ichipue. Kwa mkulima mdogo anayeanza, tena asiye na jirani mwenye mbegu, gunia la sokoni ndilo mbegu iliyo karibu zaidi. Jambo hili dogo la kibotania ndilo kiini cha tatizo linalojadiliwa hapa.

Neno moja, maradhi matatu

Mkulima anapoeleza kwamba tangawizi yake "imenyauka", ametaja dalili, hajataja ugonjwa. Kiswahili kina neno mnyauko, na Kiganda kina kitenzi kuwotoka, ambacho kimezaa jina kiwotoka, linalojulikana sana kwa mnyauko bakteria wa migomba. Majina yote mawili yanaeleza kile jicho linachokiona: majani yamelegea, mmea umekosa maji ilhali udongo una unyevu. Nyuma ya dalili hiyo katika tangawizi hujificha angalau visababishi vitatu vya jamii tofauti kabisa.

Cha kwanza ni kuvu Fusarium oxysporum ya umbo mahususi liitwalo zingiberi. Hii huanza polepole. Majani ya chini huwa ya manjano kuanzia kingoni, umanjano hupanda juu, mmea hudumaa na kukauka ukiwa umesimama, na tunguu likikatwa huonyesha mduara wa kahawia ndani ya nyama yake. Shamba huwa na mabaka ya mimea iliyokauka katikati ya mimea mizima.

Cha pili ni bakteria Ralstonia solanacearum, ambaye ni mwepesi zaidi. Majani hujikunja na kulegea yangali kijani, na katika siku chache shina hung'oka kwa urahisi likitoa harufu mbaya. Cha tatu ni Pythium, kiumbe kinachofanana na kuvu ingawa wanasayansi wa leo wanakiweka katika kundi lingine. Chenyewe huozesha shingo ya mmea na tunguu hadi kuwa majimaji, hasa mvua zinapozidi na maji yakatuama.

Tofauti hizi si za kitaaluma tu. Umbo la zingiberi la Fusarium limejifunga na tangawizi. Mkulima mwenye ugonjwa huo anaweza kupanda nyanya katika kipande hicho msimu unaofuata bila ya kuhofia kimelea hicho. Ralstonia, kwa upande wake, ni jamii yenye aina nyingi zinazoshambulia nyanya, viazi mviringo, biringanya na pilipili. Ushauri ule ule, "badilisha zao, panda nyanya", huweza kuwa wa manufaa katika shamba moja na wa hatari katika shamba la jirani. Vivyo hivyo kwa dawa: kiuatilifu cha kuvu hakimgusi bakteria, na muuzaji wa pembejeo anayeuza chupa kwa kusikia neno mnyauko peke yake anauza bahati nasibu.

Bahati njema ni kwamba hatua ya kwanza ya kutofautisha haihitaji maabara. Kipande cha shina kilichokatwa karibu na udongo huning'inizwa katika glasi ya maji safi. Iwapo katika dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka kutoka mahali palipokatwa, anayeshukiwa ni bakteria. Maji yakibaki safi, uwezekano wa kuvu huongezeka, na hapo sampuli yafaa kupelekwa maabara kwa uthibitisho. Kalerwe imepakana kwa safari fupi na vituo viwili vya utafiti: Kawanda, kwenye barabara ya Bombo, ambako ziko Maabara za Taifa za Utafiti wa Kilimo chini ya NARO, na Kabanyolo, shamba la utafiti la Chuo Kikuu cha Makerere, ambalo hufikiwa kwa barabara ile ile ya Gayaza inayopita sokoni. Ukaribu huo haujageuzwa kuwa huduma ya kila siku kwa soko, na hilo ni jambo la utaratibu zaidi kuliko la umbali.

Namna kuvu inavyofanya kazi

Fusarium huingia kwa kupitia mizizi, hasa mahali penye majeraha yaliyoachwa na jembe au na minyoo fundo wa udongoni. Ikishaingia hupanda katika mirija ya kupitishia maji. Mmea nao hujihami kwa kuiziba mirija hiyo kwa utomvu na vivimbe, na kwa kufanya hivyo hujinyima maji wenyewe. Kwa hiyo mnyauko ni zao la mashambulizi na la ulinzi kwa pamoja, na ndiyo sababu kumwagilia maji mengi hakusaidii kitu.

Mmea unapokufa, kuvu haifi nao. Hutengeneza klamidospora, yaani chembe zenye kuta nene zinazolala udongoni kwa miaka mingi zikisubiri mzizi wa mwenyeji wake. Hakuna kiuatilifu kinachoweza kunyunyizwa juu ya majani kikaufikia mrija uliozibwa, na vile vinavyomwagwa udongoni havizimalizi chembe zilizolala. Kwa mkulima mwenye robo ekari, maana yake ni kwamba kosa la msimu mmoja hulifunga shamba kwa zao hilo kwa sehemu kubwa ya muongo. Pesa ya mbegu huweza kurudishwa kwa mkopo, ardhi haikopeshwi.

Sifa nyingine inayopaswa kusisitizwa ni ukimya wa maambukizi. Tunguu lenye kuvu kidogo halina alama kwa nje. Hupita katika mikono ya mkulima, dalali, mchukuzi na mchuuzi likionekana zima, na linapopandwa huchipua kama mengine. Ugonjwa hujionyesha miezi kadhaa baadaye, wakati mkulima amekwisha kupalilia na kuweka samadi, na hakumbuki tena gunia lilitoka kwa nani. Ufuatiliaji wa chanzo hukatika hapo.

Karafuu na kahawa: gharama ya kuchelewa kujua

Afrika Mashariki imewahi kulipa gharama ya kuchanganya maradhi. Mashamba ya mikarafuu ya Zanzibar yalisumbuliwa kwa miongo mingi na kile kilichoitwa kufa ghafla: mti mkubwa uliozaa vizuri ulipukutisha majani na kukauka kwa muda mfupi. Udongo ulilaumiwa, na uzee wa miti ukalaumiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndipo F. J. Nutman na F. M. Roberts walipoonyesha kwamba kulikuwa na kuvu mbili tofauti. Moja, Valsa eugeniae, ilihusishwa na kufa ghafla kwa miti mikubwa. Nyingine, Cryptosporella eugeniae, iliua matawi na miti kwa kuingia katika majeraha, yakiwemo yanayotokea matawi yanapovunjika wakati wa kuchuma. Ugonjwa wa pili ulikuwa na kinga ya wazi: kupunguza uvunjaji wa matawi na kuondoa sehemu zilizoathirika. Kinga hiyo isingeweza kufikiriwa wakati maradhi yote mawili yalikuwa chini ya jina moja.

Mfano wa pili uko Uganda kwenyewe. Mnyauko wa kahawa, unaosababishwa na Fusarium xylarioides, ulionekana Bundibugyo mwaka 1993, magharibi kabisa mwa nchi, mpakani na Kongo. Ndani ya miaka isiyofika kumi ulikuwa umesambaa katika maeneo ya robusta, na karibu nusu ya mibuni ya robusta ya nchi ikaangamia. Agizo la kung'oa mti na kuuchoma papo hapo lilikuwa sahihi, lakini mkulima aliona kuni nzuri, na kuni hizo zilisafirishwa. Kuvu ilisafiri nazo. Kilichookoa zao hatimaye ni utafiti wa uzalishaji: aina zenye ukinzani zilizopewa herufi KR, zilizotokana na mibuni iliyobaki hai katikati ya miti iliyokufa, zikazidishwa kwa vipandikizi.

Hapa ndipo mfano wa kahawa unapoachana na tangawizi, na washauri wa sera wanaotarajia njia ile ile wanapaswa kuonywa. Mbuni huzaa mbegu. Unaweza kuvushwa na kuchaguliwa. Tangawizi ni tasa, na ufugaji wa aina mpya kwa njia ya kuvusha maua hauna pa kuanzia. Si busara kuahirisha hatua nyingine kwa kungoja aina yenye ukinzani. Kinachobaki ni kuizuia kuvu isiingie shambani.

Mbegu safi na namna ya kuipata

Ziko njia tatu za kupata mbegu safi, nazo hazilingani kwa uzito. Ya kwanza ni uchaguzi shambani, na ndiyo yenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Mkulima huteua mbegu yake mimea ikiwa bado kijani, wala si baada ya mavuno. Huweka alama katika sehemu ya shamba isiyo na baka lolote, huvuna sehemu hiyo peke yake, na hukagua kila tunguu kwa kulikata. Lolote lenye mduara wa kahawia hutupwa pamoja na kisu kusafishwa. Kosa la kawaida ni kuuza matunguu makubwa na kubakiza madogo yaliyodumaa kuwa mbegu; udumavu huo mara nyingi ni dalili ya kuvu yenyewe, na mkulima huwa amejichagulia ugonjwa kwa mikono yake.

Njia ya pili ni maji ya moto. Matunguu huzamishwa katika maji yenye nyuzi joto 50 hivi kwa dakika 10, kisha hupozwa na kukaushwa kivulini. Joto hilo hupunguza kuvu na minyoo fundo kwa pamoja. Likipungua halina kazi. Likizidi nyuzi chache, macho ya tunguu hufa. Bila kipimajoto, mkulima anapika mbegu. Tena, joto la muda mfupi halifiki katikati ya tunguu nene, kwa hiyo huisafisha mbegu iliyo karibu na usafi lakini haiokoi iliyooza. Kazi hii inafaa kufanywa na kikundi chenye pipa, jiko na kipimajoto kimoja kuliko kila kaya peke yake.

Ya tatu ni miche ya maabara iliyooteshwa kutokana na tishu. Hii ndiyo safi kuliko zote, na ndiyo inayopendwa katika maandiko ya miradi. Uzoefu wa Queensland, Australia, ambako mnyauko wa Fusarium wa tangawizi ulielezwa kisayansi mwaka 1955 na ambako mifumo ya mbegu safi ilijengwa baadaye, unaonyesha upungufu unaosahauliwa: mimea ya kizazi cha kwanza kutoka maabara huzaa matunguu madogo, na mavuno ya kuridhisha huja katika kizazi cha pili. Mkulima aliyeuziwa mche wa chupa kwa ahadi ya mavuno ya mwaka huo huo ataukataa mwaka unaofuata, naye atakuwa na haki. Mahali pa miche hiyo ni mikononi mwa wazalishaji wachache wa mbegu wanaoweza kungoja.

Wingi nao ni kizuizi. Hekta moja ya tangawizi huhitaji takribani tani moja na nusu ya mbegu, na pengine zaidi. Mbegu ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika kuanzisha shamba, na ndiyo maana gunia la bei nafuu la sokoni lina mvuto usioweza kuondolewa kwa mahubiri.

Yanayofanyika shambani

Mbegu ikiwa safi, kazi ya shambani ni kuisaidia isichafuke. Matuta yaliyoinuliwa huondoa maji yanayotuama. Kuzungusha zao na mahindi au nafaka nyingine kwa miaka kadhaa hupunguza kiasi cha kimelea, ingawa haikifuti. Chokaa katika udongo wenye asidi huifanya Fusarium isistawi. Kuvu rafiki za jamii ya Trichoderma zikichanganywa na mboji iliyoiva zinaweza kupunguza maambukizi, lakini si tiba, na anayeziuza kama tiba anapotosha. Mimea michache ya kwanza kuugua hung'olewa pamoja na udongo wake na kuchomwa palepale. Kuiburuta hadi pembeni mwa shamba ni kuipanda njiani.

Soko kama sehemu ya mfumo wa mbegu

Sera ya Taifa ya Mbegu ya Uganda ya mwaka 2018 ilitambua kiwango cha kati kati ya mbegu iliyothibitishwa rasmi na mbegu ya mitaani: mbegu ya ubora uliotangazwa, inayozalishwa na vikundi vya wakulima katika maeneo yao na kukaguliwa kwa masharti mepesi. Utaratibu huu umebuniwa kwa mazao ambayo kampuni kubwa hazina hamu nayo, na tangawizi ina sifa zote za zao la namna hiyo: ni nzito kusafirisha, huharibika, na mkulima hujizalishia mwenyewe. Kuingizwa kwake katika utaratibu huo kwa ukamilifu kungeipa Kalerwe kitu ambacho haina sasa, yaani gunia la mbegu linalotofautiana na gunia la chakula, lenye jina la kikundi na la kata lilikotoka.

Pingamizi la bei litatolewa, na ni la haki. Mbegu iliyokaguliwa itakuwa ghali kuliko tangawizi ya kula. Hata hivyo, kupiga marufuku ununuzi wa mbegu sokoni kungekuwa sheria isiyotekelezeka, kwa kuwa askari hawezi kujua kama gunia linakwenda jikoni au shambani. Njia yenye matumaini ni kuwapo kwa chaguo lililo wazi mahali pale pale mnunuzi anapofika. Mipakani nako tatizo ni la namna hiyo: shehena inayotangazwa kuwa chakula hukaguliwa kama chakula, na hakuna chochote katika tunguu kinachofichua nia ya mnunuzi wa mwisho. Mamlaka za afya ya mimea za Uganda, Kenya na Tanzania zingefanya vyema kulihesabu kila tunguu bichi kuwa mbegu inayoweza kupandwa.

Kliniki za mimea zilizoanza Uganda katikati ya miaka ya 2000 zilikuwa na wazo jepesi: mtaalamu huketi mezani siku ya soko, mkulima huja na jani au mzizi, na huondoka na ushauri ulioandikwa. Nyingi zilipelekwa vijijini, na kwa sababu nzuri. Lakini soko la mjini la mazao ya jumla lina faida ambayo kijiji hakina: mazao ya wilaya nyingi hukutana hapo usiku mmoja. Meza moja Kalerwe, yenye glasi ya maji, kisu, dawa ya kusafishia kisu na daftari la kuandika wilaya kila gunia lenye uozo lilikotoka, ingeweza kuonyesha baka jipya la ugonjwa mapema kuliko ripoti za wilaya. Wachuuzi wenyewe ndio wakaguzi wazuri zaidi. Wanajua kwa kugusa ni shehena ipi itaoza kabla ya Jumapili.

Halafu kuna taka. Matunguu yaliyooza hutupwa pamoja na maganda ya matoke na majani ya kabichi, na taka za namna hiyo zina wateja: wafugaji huzichukua kulishia mifugo, wenye bustani huzitaka kwa mbolea. Sehemu nyingine husombwa na mvua hadi kwenye mfereji wa Nsooba, unaoelekea ardhioevu ya Lubigi. Tangu jalala la Kiteezi lilipoporomoka mwezi Agosti 2024 na kuua watu, mjadala wa kuzigeuza taka za masoko kuwa mboji umepata uzito mpya Kampala. Kwa afya ya mimea, mjadala huo una sharti moja. Mboji inayofikia nyuzi joto 55 au zaidi na kugeuzwa mara kadhaa, ili kila sehemu ipite katikati ya lundo, huviua vimelea vingi vya mnyauko. Lundo lililoachwa lipoe pembeni mwa soko huvihifadhi na kuvipeleka shambani pamoja na rutuba. Kipimajoto kinachohitajika ni cha aina ile ile anayohitaji mkulima kwa maji ya moto.